Jenasi mpya ya nyenje huelezwaje? Maswali tunayoulizwa mara kwa mara Dodoma

Joto la Oktoba na Novemba likishapanda Dodoma, kabla mvua za kwanza hazijagusa ardhi, nyenje huanza kuimba kwenye migunga, na maswali nayo huanza kumiminika. Wanauliza wanafunzi, walimu wa sekondari, wakulima wa zabibu na vijana wanaopiga picha wadudu kwa simu. Wengi wanataka kujua jambo moja: je, huku kwetu kanda ya kati anaweza kuwepo nyenje ambaye sayansi haijampa jina, tena si spishi tu bali jenasi nzima, yaani kundi la spishi ndugu? Anaweza. Ila kati ya kumsikia mtini na kumwingiza kwenye orodha ya wanyama wa dunia kuna kazi ndefu, na kazi hiyo ndiyo ninayoieleza hapa.

Nyenje unayemzungumzia ni yupi? Ni huyu chenene wa ardhini?

Siye. Chenene ni ndugu wa panzi. Anachimba ardhini na huimba usiku kwa kusugua mabawa. Nyenje wa ukurasa huu ni wa mitini. Ana kichwa kipana, macho mawili makubwa yaliyotokeza pembeni, vijicho vitatu vidogo katikati ya kichwa, na mabawa manne yanayofunika mgongo mzima. Yumo katika oda ya Hemiptera, pamoja na kunguni na vidukari, na kama wenzake hao mdomo wake ni mrija wa kufyonzea. Hang'ati wala hana sumu.

Jike hupasua kijiti na kutaga ndani yake. Tunutu akianguliwa hudondoka, hujichimbia ardhini na kufyonza maji ya mizizi kwa miaka. Siku yake ikifika hutoka, hupanda shina, mgongo hupasuka, na mdudu mzima hutoka na mabawa. Yale maganda makavu ya rangi ya kahawia mnayoyakuta yameng'ang'ania kwenye magome ndiyo aliyoyaacha. Huko Marekani wapo wanaokaa chini miaka 13, wengine 17, halafu wakatoka wote kwa pamoja.

Wapo wangapi duniani?

Spishi zilizokwishaelezwa ni zaidi ya 3,000. Karibu zote zimo katika familia ya Cicadidae. Familia ya pili, Tettigarctidae, imebakiwa na spishi mbili tu, zote za Australia.

Spishi na jenasi vinatofautianaje?

Kila mnyama ana jina la maneno mawili. La kwanza, lenye herufi kubwa, ni la jenasi. La pili ni la spishi. *Platypleura*, kwa mfano, ni jenasi ya nyenje wa Afrika na Asia ambao wengi wao wana mabawa yenye mabaka, hata akikaa kwenye gome huwezi kumwona mpaka aruke. Chini ya jina hilo moja kuna spishi nyingi.

Kutangaza spishi mpya ni kusema: nyenje hawa si wale mnaowajua. Kutangaza jenasi mpya ni kusema jambo zito zaidi: nyenje hawa wana asili yao, na hakuna kundi lolote lililokwisha kupewa jina linaloweza kuwapokea bila kuvurugika. Ni hoja kuhusu undugu. Kama hoja nyingine yoyote, inasimama kwa ushahidi, na mtu mwingine ana haki ya kuja kuupima.

"Mpya" maana yake hakuwepo zamani?

Alikuwepo. Wafugaji wanamsikia kila mwaka, watoto wanamkamata. Upya ni wa maandishi tu.

Nitajuaje kwamba nina jenasi mpya na si spishi mpya ndani ya jenasi ya zamani?

Hili ndilo swali lenyewe, na halina rula ya kupimia. Hakuna kanuni isemayo kwamba tofauti tano zinatosha na nne hazitoshi. Watafiti huangalia mambo mawili. La kwanza, wanyama wanaowekwa pamoja wawe wametokana na mzazi mmoja wa kale, na wazao wote wa mzazi huyo wawe humo. La pili, mtu mwenye lenzi na mdudu mkononi aweze kuwatambua bila kubahatisha.

Kwa vitendo, kazi inaanza na orodha ya jenasi zote zinazokaribiana na nyenje wako, si za Tanzania peke yake, maana mipaka ya nchi nyenje haijui. Unasoma maelezo ya kwanza kabisa ya kila jenasi, mengine ya miaka ya 1800 na yenye mistari michache tu. Kisha unatafuta spishi ya msingi ya kila jenasi, yaani ile spishi moja ambayo jina la jenasi limefungwa kwayo, na kulinganisha mdudu wako na hiyo. Wengi hukosea hapa: hulinganisha na spishi yoyote ya jenasi ile waliyoikuta kwenye picha mtandaoni. Spishi hiyo yenyewe huenda iliwekwa mahali pasipo pake.

Halafu linakuja swali ambalo wanafunzi husahau kujiuliza: nikiwatoa hawa na kuwapa jenasi yao, wale ninaowaacha nyuma watabaki kundi moja la ndugu? Ikiwa nyenje wako amechipuka katikati ya jenasi ya zamani, ukimtoa unaiacha jenasi hiyo na pengo, na umeharibu zaidi ya ulivyojenga. Hapo ni heri abaki spishi mpya.

Mfano mzuri tunao hapahapa nchini, ingawa si wa wadudu. Mwaka 2005 nyani kipunji wa Nyanda za Juu Kusini alielezwa kwa mara ya kwanza akiwekwa katika jenasi ya *Lophocebus*, na ushahidi mkubwa ulikuwa picha. Baadaye akapatikana kipunji mmoja aliyekufa kwenye mtego wa mkulima huko Rungwe. Fuvu na DNA vikapimwa, ikaonekana yuko karibu zaidi na nyani wa kawaida, wa jenasi ya *Papio*. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake, *Rungwecebus*. Spishi ilikuwa ileile na jina la wenyeji likabaki lilelile. Hoja ya undugu ndiyo iliyobadilika kwa sababu ushahidi uliongezeka.

Mnaangalia viungo gani kwenye mwili wa nyenje?

Rangi ni ya mwisho. Rangi hufifia mdudu akikauka, na ndani ya spishi moja unaweza kukuta wa kijani na wa kahawia. Tunaanza na umbo: upana wa kichwa ukilinganishwa na kifua, urefu wa mrija wa mdomo unafika miguu ya ngapi, miiba ya paja la mbele ni mingapi na imeinama vipi. Kisha mabawa. Nyenje wengi wana vyumba vinane (nafasi za utando zilizozungushiwa vena, yaani mishipa ya bawa) kwenye ukingo wa bawa la mbele na sita kwenye bawa la nyuma. Vikizidi au kupungua, au vena mbili zikiungana mahali ambapo ndugu zake zimeachana, unaandika.

Halafu timbali, yaani viungo vya kutolea mlio, na hapa naomba mtafute hadubini hata ya shule. Timbali ziko mbili, moja kila upande wa pingili ya kwanza ya tumbo la dume. Kila moja ni utando mgumu uliopigwa mbavu, ndefu na fupi zikipishana. Ndani kuna msuli mnene. Msuli ukivuta, mbavu zinajikunja moja baada ya nyingine na kutoa mlio; ukilegea, utando unarudi, sawa na kifuniko cha kopo kinachobonyezwa na kuachiwa, ila huyu anafanya hivyo mara nyingi mno kwa sekunde moja. Tumbo la dume ni tupu kwa sehemu kubwa, na utupu huo unakuza sauti. Mtafiti huhesabu mbavu za timbali, huangalia kama kifuniko chake kinaifunika yote, nusu, au hakipo kabisa, na huchora umbo la vigamba viwili vya chini ya tumbo vinavyolinda masikio. Sehemu hizi husema mengi kuhusu undugu.

Mwisho ni viungo vya uzazi vya dume. Ncha ya tumbo inakatwa, inapashwa moto taratibu katika mchanganyiko wa potasiamu haidroksaidi wa asilimia 10 hadi nyama iyeyuke na kubaki sehemu ngumu tupu. Inachorwa kutoka kila upande, kisha inahifadhiwa kwenye kichupa chenye gliserini kilichochomekwa kwenye pini ileile ya mdudu wake ili visitengane kamwe. Nyenje wawili wanaofanana kila kitu kwa nje wanaweza kutofautiana kabisa hapa.

Sauti inasaidia kutambua jenasi?

Inasaidia sana kumtambua spishi, kwa sababu kila dume anaita jike wa spishi yake. Spishi nyingi zimegunduliwa kwa sikio kabla ya jicho. Lakini rekodi peke yake haitoshi kutengeneza jenasi. Inapata thamani pale dume *yuleyule* aliyerekodiwa anapokamatwa, na daftari likaonyesha saa, joto la hewa, umbali wa kinasa sauti na aina ya mti.

Usimsogelee mno. *Brevisana brevis*, nyenje wa Afrika, alipimwa akatoa wastani wa desibeli 106.7 kwa umbali wa sentimita 50, na kinasa sauti cha simu hakiwezi kunasa kishindo hicho bila kupasua sauti.

Siku hizi kuna DNA. Kwa nini bado mnahesabu mbavu?

Kipande cha jeni iitwayo COI kinachopimwa mara nyingi kina herufi zipatazo 658. Kinatenganisha spishi vizuri, lakini kwa undugu wa kale kama wa jenasi kipande kimoja hudanganya. Unahitaji na jeni za kwenye kiini cha seli. Utafiti mkubwa wa 2018 ulipounganisha DNA na maumbile, uliwapanga upya nyenje wa dunia na kuweka nusufamilia ya Tettigomyiinae, ambayo wengi wake ni wa Afrika. DNA ndiyo iliyoonyesha undugu, mbavu na mabawa ndivyo vinavyomwezesha mwalimu wa Mpwapwa kumtambua mdudu wake bila maabara. Vyote viwili vinatakiwa.

Mguu mmoja utiwe kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi. Spiriti ya dukani yenye maji mengi haifai, DNA huoza.

Lazima auawe? Picha haitoshi?

Kwa nyenje, haitoshi. Picha haionyeshi mbavu za timbali wala viungo vya uzazi, na miaka hamsini ijayo mtu atakayekuja na swali jipya hataweza kuipima. Ndiyo maana kwa spishi mpya huteuliwa mdudu mmoja, anaitwa holotaipu, ambaye jina la spishi linafungwa kwake daima. Wenzake walioelezwa pamoja naye ni parataipu. Tunachukua wachache, madume na majike, na nawasihi wanafunzi wasijaze chupa kwa sababu tu wadudu ni wengi siku hiyo.

Lebo iandikweje?

Nimeona mdudu mzuri ameandikwa "Dodoma, Desemba". Huyo amekufa bure. Lebo iseme nchi, mkoa, wilaya, kijiji, latitudo na longitudo, mwinuko, tarehe kamili pamoja na mwaka, mti aliokutwa juu yake, njia ya kumkamata (kwa mkono, kwa wavu, kwenye taa) na jina la aliyemkamata. Mwenye simu anapata vipimo vya mahali papo hapo. Andika kwa penseli au kwa wino usioyeyuka kwenye spiriti, na iandikwe siku ileile.

Holotaipu ikae wapi? Mbona vitu vyetu viko Ulaya?

Viko huko kwa sababu wakusanyaji wa enzi za ukoloni walivipeleka: vya wakati wa Wajerumani vingi viko Berlin, vya baadaye London. Matokeo yake mwanafunzi wa Tanzania anayetaka kulinganisha nyenje wa Manyoni analazimika kuomba picha kutoka makumbusho ya mbali au kusafiri.

Kanuni za kimataifa za kuwapa wanyama majina zinataka maelezo ya spishi mpya yataje mahali holotaipu itakapohifadhiwa, na zinashauri iwe taasisi yenye uwezo wa kuitunza na kuwaruhusu watafiti kuiona. Hazisemi lazima iwe Ulaya. Mimi nasimamia kwamba holotaipu ya Tanzania ibaki Tanzania, na baadhi ya parataipu zigawiwe Nairobi na London ili moto au mchwa wa mahali pamoja wasimalize kila kitu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyiko wa wanyama. Kinachohitajika ni makabati yanayofunga, dawa ya kuzuia wadudu walaji na mtu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Hilo ni jambo la bajeti, na tuliseme wazi.

Nahitaji kibali?

Ndiyo. Kibali cha utafiti hutolewa na COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na utafiti wa wanyamapori huratibiwa na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori). Ndani ya hifadhi za misitu utahitaji ruhusa ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu). Kijijini, pita kwanza ofisi ya mtendaji, usalimie, ueleze unachofanya. Mtu anayezunguka porini usiku na taa na shuka jeupe ana haki ya kuulizwa.

Nani anachagua jina? Linaweza kuwa la Kiswahili au Kigogo?

Anachagua mwandishi wa maelezo, na linaweza. Jina la jenasi liandikwe kwa herufi za Kilatini, lianze kwa herufi kubwa, na lisiwe limeshatumika kwa mnyama mwingine yeyote, awe samaki au konokono. Tofauti ya herufi moja inatosha kuyatenganisha majina mawili. Jinsia ya jina itajwe pia, kwa sababu jina la spishi likiwa kivumishi cha Kilatini hufuata jinsia hiyo.

Kuna jirani yetu wa kujivunia: mwaka 2002 chura wa mitini kutoka safu ya Ukaguru, mashariki ya Kongwa, alipewa jenasi mpya na kuitwa *Churamiti maridadi*. Jina zima, jenasi na spishi, ni Kiswahili kitupu, na linatumiwa na kila mtaalamu wa vyura duniani. Kujipa jina lako mwenyewe ni jambo la aibu, usifanye.

Jina mlilolichagua lisivuje. Jina likichapishwa bila maelezo linabaki jina tupu, halina uhai kisheria, na mwingine anaweza kulichukua au kulivuruga. Kwa sababu hiyo hapa sitaji hata jina la mfano. Kwenye kundi la WhatsApp semeni "nyenje wa Mpwapwa" mpaka siku ya uchapishaji.

Kanuni zinadai nini ili jenasi ikubalike?

Majina ya wanyama yanahesabiwa kuanzia 1758, mwaka wa toleo la kumi la kitabu cha Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyeeneza majina ya maneno mawili. Kanuni zinazotumika leo ni toleo la nne, lililoanza kazi tarehe 1 Januari 2000. Kwa jenasi mpya unadaiwa useme waziwazi kuwa ni mpya, utoe maelezo ya maneno yanayoitofautisha na nyingine, na utaje spishi ya msingi; sharti hilo la mwisho linabana majina yote yaliyochapishwa baada ya 1930. Uchapishaji wa kielektroniki pekee unakubalika tangu 2012, mradi kazi iandikishwe kabla kwenye ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama.

Jenasi yenye spishi moja tu inaruhusiwa.

Maelezo lazima yawe kwa Kiingereza?

Hapana. Kwenye mimea sheria inataka Kilatini au Kiingereza, lakini kwa wanyama lugha yoyote inakubalika, ingawa kanuni zinashauri lugha zinazosomwa na wengi. Kisheria, basi, jenasi ya nyenje inaweza kuelezwa kwa Kiswahili. Ushauri wangu ni makala iwe ya Kiingereza, na maelezo ya utambuzi yarudiwe yote kwa Kiswahili ndani ya makala hiyohiyo. Watu wanaoishi na mdudu huyo wawe na haki ya kusoma anavyotambulika.

Inachukua muda gani?

Utafiti uliochapishwa 2012 ulikuta kwamba, kwa wastani, miaka 21 hupita kati ya kielelezo kukusanywa na spishi yake kuelezwa. Kinachochelewesha ni uhaba wa watu wa kuifanya kazi.

Baadaye ikionekana mmekosea?

Jenasi inaunganishwa na ya zamani zaidi, na jina lililotangulia ndilo linaloshinda. Jina lenu linabaki kwenye kumbukumbu, na holotaipu inabaki kabatini ikiendelea kufaa.

Kwa nini mtafute kanda ya kati? Wadudu si wako kwenye misitu ya mvua?

Watafiti wengi walikimbilia milima ya mashariki, Usambara na Uluguru, na nchi kavu ikapitwa njiani. Lakini vichaka vya Itigi, kule Manyoni, ni uoto usiopatikana ila sehemu chache za Tanzania na Zambia. Mpwapwa kuna milima ya Rubeho yenye msitu juu na nyika chini. Kondoa kuna miyombo. Tunutu anayekaa ardhini kwa miaka na mtu mzima anayeishi wiki chache hawasambai mbali, hivyo kila uoto uliojitenga unaweza kuwa na wake.

Bibi anasema nyenje wakilia sana mvua iko karibu. Ni kweli?

Dume analia kumwita jike, si mvua. Lakini bibi hajakosea majira: huku kwetu kelele huzidi katika joto linalotangulia masika yetu ya Desemba hadi Aprili. Muulize zaidi. Wanaanza kwenye mti gani, saa ngapi, na yupi hutangulia? Majibu ya aina hiyo yanampunguzia mtafiti misimu mizima ya kuzunguka.

Wataharibu zabibu zangu?

Kelele kwenye mti wa shambani si sababu ya kupiga dawa. Jike huchana vijiti vichanga anapotaga, na mara nyingi mmea mkubwa hauhisi. Wapo wachache wasumbufu kwingineko, kama *Quesada gigas* kwenye kahawa ya Brazil.

Mimi si mtafiti. Nisaidieje?

Rekodi sauti kwa simu, sema kwa mdomo mwishoni mwa rekodi uko wapi, saa ngapi na mti gani, kisha iweke pamoja na picha kwenye iNaturalist, tovuti ambako watu huweka kumbukumbu za viumbe walioviona. Okota nyenje waliokufa chini ya taa za barazani asubuhi kabla siafu hawajawafikia. Chukua pia maganda, kwa sababu ganda likikutwa juu ya mti fulani linaonyesha kwamba tunutu alikulia karibu hapo, jambo ambalo mdudu mwenye mabawa hawezi kulithibitisha. Weka kila kimoja kwenye bahasha yake pamoja na lebo. Bahasha iwe ya karatasi. Kwenye mfuko wa plastiki huota ukungu kwa siku chache tu.